Bunduki Iliyokosa Shabaha

Mwaka juzi nguruwe-mwitu walituharibia mahindi. Nami, kwa kuwa nina bunduki yenye kibali, nikaombwa kulinda mashamba. Jioni moja nikampiga mmoja, yapata hatua 80. Nililenga bega, risasi ikampata tumboni, akakimbilia kichakani. Usiku kucha sikupata usingizi, maana mnyama mwenye jeraha huteseka, tena ni hatari kwa mtu apitaye. Asubuhi tukamkuta angali hai, tukammaliza.

Nikalaumu macho yangu, kisha risasi, kisha kilenga. Nikakisogeza kilenga, leo bunduki ikapiga kulia, kesho ikapiga juu. Hata nikamwendea mzee mmoja, fundi wa bunduki. Kwanza akahakikisha kuwa haina risasi ndani. Kisha akatwaa ukanda wa karatasi, akaupitisha kati ya mtutu na mti wake, toka mbele kwenda nyuma. Ukakwama katikati.

Akaniambia, “Mwalimu, macho yako hayana kosa. Risasi ikipigwa, mtutu hutetemeka. Ukiwa huru, hutetemeka namna moja kila mara, na risasi hufuata njia moja. Lakini huu unasukumwa na mti. Tena mti hunywa unyevu wa masika ukavimba, na kiangazi husinyaa. Ndiyo maana kosa lako halikai mahali pamoja.”

Akafungua parafujo, akaupaka mtutu masizi ya taa, akaurudisha mtini, akautoa tena. Palipotiwa weusi ndipo palipogusa. Akapakwangua kidogo kidogo. Akarudia mara nyingi, hata karatasi ikapita mpaka karibu na chumba cha risasi. Lakini chumba chenyewe hakukilegeza. Alikikalisha imara kisitikisike, akakaza parafujo sawasawa. Mwisho akaupaka mti mafuta, hata ndani pasipoonekana, ili usinywe maji.

Tukaenda kuijaribu mahali palipo salama. Zamani risasi 5 kwa hatua 100 zilitapanyika upana wa sahani. Siku ile niliweza kuzifunika kwa kiganja.

Ndugu mwenye bunduki, usiharakishe kusogeza kilenga kabla ya kuutazama mti. Mimi sasa, kila masika yaanzapo, napitisha karatasi kwanza. Ikikwama, nguruwe na wale mahindi. Siendi kumpiga mnyama kwa bunduki nisiyoiamini.