Vocha ya Ndege Si Pesa Mkononi

Msomaji, ukisafiri Marekani msimu wa Krismasi, huenda ukasikia abiria wakiombwa waachie viti vyao kwa hiari, wapewe vocha ya safari nyingine. Tiketi zilizouzwa zimepita viti! Tangu 1978, sheria ya huko inataka wa kujitolea watafutwe kwanza.

Usikimbilie dau la kwanza; wakikosekana watu, hupanda. Uliza vocha inaisha lini, na kama tarehe hiyo ni ya kukata tiketi au ya kusafiri. Wewe mwanafunzi unayetamani kuja Nairobi kuwaona wazazi, uliza zaidi: je, ndege za kampuni hiyo zinafika huku, au zinakomea London? Vocha nyingi hazipokelewi na kampuni nyingine.

Anayezuiwa kupanda bila kujitolea, kwa kawaida aweza kuikataa vocha, adai hundi.