Pigo Moja Limekosekana

Najua nimeadimika, tulikuwa fildi. Wale mnaoniita daktari wa punda, leo nawaletea moyo wa farasi.

Kwanza namba. Wewe hapo umekaa unasoma, moyo wako unapiga kama mara 60 hadi 100 kwa dakika. Farasi wa kilo 500 akiwa ametulia ni mara 28 hadi 44 tu! Akitimua mbio za nguvu yanapita 200.

Sasa, kwenye shamba moja nikapewa farasi dume nimsikilize. Stetoskopu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Du-dup, du-dup, du-dup... kimya. Halafu anaendelea. Mapigo matatu, kimya tena. Mtunzaji wake, mzee mmoja aliyemlea tangu mdogo, alikuwa ananitazama usoni. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyu ndiyo basi?" Maana farasi alishapata mnunuzi, na maneno yalikuwa yamezagaa kwamba moyo wake unaruka, hafai. Na farasi asiyefaa hana pensheni, mnaelewa.

Daktari wetu hakujibu. Akasema akimbizwe. Dakika kumi za kuzunguka uwanja, tukasikiliza tena: mapigo ya haraka, mfululizo, hakuna pengo hata moja.

Kumbe farasi akitulia, hasa mwenye mazoezi, neva ya vagasi inaukanyagia moyo breki. Vyumba vya juu vinapiga kama kawaida, ila umeme unazuiwa njiani usifike vyumba vya chini, pigo moja linakosekana. Farasi wengi wazima wako hivyo. Akikimbia, breki inaachiwa.

Balaa ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, kama watoto wanaogombania debe. Hapo vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kubana. Bandani farasi anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini mbio zinamshinda. Tena kwa wengine tatizo hilo huja na kuondoka lenyewe, kwa hiyo ECG ya dakika mbili inaweza isilikute. Ndiyo maana wengine wanavalishwa kifaa saa 24, au kinarekodi huku wanakimbia na mtu mgongoni. Na huyo mtu ndiye sababu ya umakini wote huu: farasi akianguka kwenye mbio, haanguki peke yake.

Wa kwetu alichorwa ECG pia. Vilima vidogo vya vyumba vya juu vilikuja kwa wakati wake, na pale penye kimya kilima kikubwa hakikufuata. Basi.

"Kwa hiyo?" mzee akauliza.

"Kwa hiyo ni mzima, mzee wangu."

Hakusema kitu. Akachukua brashi, akaanza kumsugua mgongo.

Haya, Ijumaa nina testi ya famakolojia na desa bado halijaisha. Niombeeni.