TextBox iliyojificha ndani ya ComboBox

Mama hununua ndengu hapa Kambu, na programu yake niliiandika mimi kwa WPF. Juzi namba ya simu ya mkulima iliingia na tarakimu 11. Pesa zake zikachelewa, mama akaaibika.

Nikataka ComboBox ikomee 10, lakini haina MaxLength. Iliyo nayo ni TextBox ya ndani, PART_EditableTextBox. Nilipoitafuta kwenye konstrakta, programu ikaanguka: umbo lilikuwa halijajengwa. Weka IsEditable iwe True, subiri tukio la Loaded, kisha:

((TextBox)cb.Template.FindName("PART_EditableTextBox", cb)).MaxLength = 10;

Sasa tarakimu ya 11 haiingii. Mama alidhani amekosea yeye. Nimemwambia kosa lilikuwa langu, na mkulima nimemwomba radhi.