Bonane Yetu ya Kwanza Kamatanda



Sikukuu za mwisho wa mwaka zinakaribia tena, na katika kikundi chetu kuna nyumba ambazo zitazipitisha mbali na jamaa zao kwa mara ya kwanza. Tumeombwa tueleze namna sisi tulivyopitisha za kwetu mwaka jana. Tumekubali, ijapokuwa kuna sehemu ya habari hii inayotutia haya kidogo.

Sisi ni baba, mama na watoto wanne. Tunatoka Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Baba alipata kazi katika karakana hapa Likasi, nasi tukapanda treni katika mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Treni ilipita Kabalo, ikapita Kamina, ikapita Tenke, na siku ya nane tukashuka Likasi tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Tulileta godoro mbili, masufuria, mashine ya kushonea, na mfuko wa ndagala wakavu ambao Nkambo, mama mzazi wa mmoja wetu, aliushona mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipata nyumba ya kupanga Kamatanda, pembeni mwa mji. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu. Huko kwetu mtu akiamka anaangalia ziwa kwanza, ajue kama wavuvi wamerudi. Hapa mtu akiamka anaona wanaume wakipita na mitaimbo, nyundo na mifuko mitupu, wakienda kuchimba. Jiwe la kijani lina shaba, jiwe jeusi lina kobalti. Watoto wetu walijua kutofautisha mawe hayo kabla hawajajua majina ya majirani.

Tena tulikuta baridi. Huko Ulaya Noeli ni siku ya baridi kali, lakini Katanga baridi yetu ni ya mwezi wa sita na wa saba. Noeli hapa ni ya mvua. Mwezi wa kumi na mbili vilima vinakuwa kijani, maembe yanaanguka kila parsele, na kando ya barabara ya Lubumbashi akina mama wanauza uyoga wa porini katika mabeseni. Makala yanapanda bei kwa sababu yanalowa. Nchi inapendeza sana wakati huo, lakini sisi hatukuiona. Macho yetu yalikuwa Kalemie.

Kalemie, siku ya Bonane, nyumba ya Nkambo inajaa watu. Wajomba, shangazi, wakwe, watoto wa jirani waliovaa nguo mpya na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakipaza sauti, "Bonane! Bonane!" ili wapewe bonbo au noti ndogo. Hakuna anayehesabu sahani. Mwaka ule Nkambo alikuwa mgonjwa wa mguu, na dada yetu alikuwa amesema kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwamba hatembei tena mpaka ziwani.

Tulipiga hesabu jioni moja mezani. Nauli ya watu sita kwenda na kurudi ilipita mshahara wa miezi miwili. Ndege tungeifuata Lubumbashi, kilomita kama 120, na bei yake hatukuuliza hata mara mbili. Treni ya wakati wa mvua haina ahadi, na ruhusa ya baba ilikuwa ya siku tatu tu. Basi tukakata shauri: fedha tuliyokuwa nayo tuitume kwa simu inunue dawa za Nkambo, nasi tubaki. Tuliwaambia watoto kwa maneno machache. Wadogo walilia. Mkubwa, mwenye miaka 14, hakusema kitu. Tulifikiri amekubali.

Siku tatu kabla ya Noeli, shule zikiwa zimefungwa, alituaga asubuhi kwamba anaenda kucheza mpira. Saa nane mvua ikapiga, ile mvua ya Likasi inayofanya mtu asisikie mwenzake chumbani. Saa tisa hajarudi. Saa kumi baba alikuwa ametoka kumtafuta upande wa uwanja, na mama alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, asijue aanzie wapi, kwa kuwa hapakuwa na nyumba hata moja ambayo angeingia bila kubisha hodi.

Ndipo tulipomwona mama mapasa. Tulimjua kwa sura tu, mama wa mapacha, nyumba ya tatu upande wa chini. Kila siku anabeba mandazi kwenda kuwauzia wachimbaji. Beseni lake lilikuwa kichwani, limefunikwa plastiki, na mkono wake mwingine ulikuwa umemshika mtoto wetu sikio. Mtoto alikuwa na matope mpaka kiunoni, na begani ana mfuko wa mchele uliotoboka.

"Huyu ni wenu?" akauliza. "Nimemukuta kwenye maji, anaosha mawe na wakubwa. Nikamuuliza, weye uko mutoto wa nani? Akanyamaza. Nikajua ni ule wa Kalemie. Wa hapa wote nawajua."

Akina mama wa Kamatanda wanajua maana ya jambo hilo. Mvua ya mwezi huu inalowesha udongo, na mashimo yanabomoka bila kuonya. Na likizo ndiyo saa watoto wengi wanapojaribu kwenda, ili wapate nguo za Bonane. Mama mapasa alimgombeza mtoto wetu mbele yetu kama aliyemzaa yeye. Alimwambia ni nani walitolewa humo hawapumui, na mwaka gani. Sisi hatukufungua mdomo.

Alipomaliza, mtoto akatoa mfukoni noti chache zilizolowa, akaziweka mezani. "Ni za tiketi ya mama," akasema. "Ya mama peke yake. Akamuone Nkambo."

Mmoja wetu alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Hiyo ndiyo sehemu inayotutia haya. Tulidhani tumefanya hesabu yote mezani, kumbe kulikuwa na mwingine aliyekuwa akifanya hesabu yake kimya. Tulimwambia kwamba hatutaki mia hata moja ya namna hiyo, na kwamba Nkambo angekufa kwa huzuni siku ileile kama angesikia. Lakini tulimwambia pia kwamba tunamshukuru kwa moyo wake. Mtoto anahitaji kusikia yote mawili.

Kesho yake tulimpelekea mama mapasa bakuli la ndagala za Nkambo. Tulidhani tutasimama mlangoni tu. Alituvutia vigoda, akatupa munkoyo, na hapo akatusimulia.

Baba yake alizaliwa Likasi. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai, kuja kufanya kazi katika Union Minière, kama wengi waliokuja baada ya reli kufika Ilebo mwaka 1928. Mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani mwao hapa Likasi, hata wale waliozaliwa hapa. Maelfu walilala kwenye stesheni na katika shule, wakingoja treni. Yeye alikuwa na miaka tisa. Noeli iliwakuta stesheni, Bonane ikawakuta stesheni, mvua juu na matope chini, na kila siku kulikuwa na mtoto anayezikwa.

"Asubuhi ya Bonane," akasema, "alikuja mama mumoja na sufuria ya mchele. Hakuwa mutu wa kwetu. Watu wa upande wake wangemuona, wangemufanyia mubaya. Akaita watoto, akatupatia kijiko kwa kijiko. Mimi akaniuliza, weye uko mutoto wa nani? Nikamujibu. Akarudilia jina ya mama yangu mara mbili, ili asisahau. Mupaka leo simujui yeye ni nani."

Hatuandiki haya ili kufungua vidonda. Katika kikundi chetu kuna watu wa pande zote, na tunakula pamoja. Tunayaandika kwa sababu tulielewa hapo kwa nini mwanamke mwenye beseni la mandazi, ambaye kila dazani ilikuwa ya thamani kwake, aliacha biashara yake katikati ya mchana akamkokota mtoto asiye wake mpaka nyumbani. Naye aliulizwa swali hilohilo na mtu asiyemjua.

Alipotuuliza tutakula wapi Bonane, tukamjibu, "Kwetu tu, sisi kwa sisi." Akacheka. Akasema kwamba mtaa huu, ukiuhesabu vizuri, nusu ya watu wanakula sisi kwa sisi, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Akavihesabu kwa vidole: msichana wa Kongolo aliyezaa mwezi uliopita, na mume wake yuko Kolwezi migodini. Mzee mlinzi anayetoka Kasenga, ambaye hajaona watoto wake miaka mitano. Mama mjane wa Bukama na wajukuu wawili. Na sisi. Miezi mitano tulikuwa tukipita mbele ya milango hiyo tukidhani ni sisi peke yetu tulio wageni.

Siku ya mwisho ya mwaka tulipika kwake, maana parsele yake ina paa la kujikinga na mvua. Kila nyumba ilileta ilichokuwa nacho. Mjane alileta sombe. Msichana wa Kongolo hakuwa na kitu, akaleta makala, na makala siku hizo yalikuwa kitu kikubwa. Mzee alileta samaki wa Mwadingusha aliowanunua kwa wavuvi wa Lufira. Mama mapasa alipika bukari na kuku mmoja, akamkata vipande vidogo mno tukacheka. Sisi tulipika ndagala za mwisho za Nkambo pamoja na uyoga wa porini. Kalemie hatujawahi kula ndagala na uyoga. Mzee akauliza kama ndivyo tunavyofanya kwetu. Tukasema ndiyo, kuanzia leo.

Usiku wengine walikwenda ibadani, kila mtu kanisani kwake, wengine wakabaki na mtoto mchanga. Saa sita ilipofika vijana wa mtaa walipiga vifuniko vya masufuria, na mtoto mchanga akaamka. Tulijaribu kupiga simu Kalemie, mtandao ukakataa. Tukajaribu tena na tena. Tulilala na simu mkononi.

Asubuhi watoto wa mtaa walipita, "Bonane! Bonane!" na mara hii walisimama mlangoni kwetu pia. Mkubwa wetu ndiye aliyewagawia bonbo. Saa tatu simu ikaingia. Sauti ya Nkambo ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Tulijitayarisha kumweleza kwa nini hatukuja. Hakuuliza. Hakuuliza hata tulikula nini. Aliuliza, "Mulikula na nani?"

Tukamtajia wote, mmojammoja: mama mapasa na mapacha wake, msichana na mtoto mchanga, mzee, mjane na wajukuu. Akataka kujua mtoto mchanga ni wa kike au wa kiume. Akasema tumwambie mama mapasa kwamba anamsalimu. Kisha akamwita mjukuu wake mkubwa kwenye simu. Waliyosema wawili hao hatukuyasikia, kwa sababu mtoto alitoka nje na simu.

Nkambo bado yuko hai, Mungu ni mwema. Mwezi wa sita, wakati wa kiangazi, mmoja wetu alikwenda kumwona, kwa fedha ya likelemba ya kikundi chetu. Zamu haikuwa ya kwetu. Msichana wa Kongolo ndiye aliyetuachia zamu yake.

Mwaka huu tumekubaliana mambo matatu, nasi tunawaletea mwaone kama yatafaa kwenu.

La kwanza: kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha, tuhesabu nyumba za mtaa wetu ambazo hazina jamaa hapa. Tusingoje waseme. Mgeni haombi, anaona haya. Kila mama achukue nyumba moja, abishe hodi, aulize tu, "Mutakula wapi Bonane?"

La pili: watoto wapewe ukweli juu ya fedha na juu ya wagonjwa wa nyumbani, kwa kadiri ya umri wao. Mtoto anayefichwa anatafuta dawa yake mwenyewe.

La tatu: siku za likizo, mama yeyote akimwona mtoto yeyote na mfuko akielekea migodini, amrudishe, awe wake au asiwe wake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumtia mtoto katika kazi za hatari, na mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haina mikono mtoni. Mikono ni yetu. Na mzazi akirudishiwa mtoto wake, asiseme, "Wewe inakuhusu nini?" Aseme asante.

Mama mapasa amesoma maneno haya kabla hatujayaleta. Amesema tumekosea kitu kimoja tu: hakumshika mtoto sikio, alimshika mkono. Mtoto anasema ni sikio. Sisi tulikuwa mlangoni, na tunamwamini mtoto.

Bonane njema kwenu nyote, ninyi mlio kwenu na ninyi mlio mbali.