Mabomba Yanapogonga Ukutani

Kama unakaa katika nyumba ya ghorofa, bila shaka unaijua sauti ile: jirani wa juu anafunga koki, na papo hapo ukuta wako unatoa kishindo kana kwamba umepigwa nyundo. Katika jengo tunamokaa sisi, hapa Dar es Salaam, kishindo hicho kilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi. Baba mmoja wa ghorofa ya kwanza hufanya kazi ya zamu ya usiku, hivyo hulala mchana. Yeye alishikilia kwamba watoto wa ghorofa ya tatu wanagonga mabomba kwa makusudi. Mama yao aliapa kuwa hawajagusa kitu. Ikafika mahali wakipishana kwenye ngazi hawasalimiani.

Nao wote wawili walikuwa wakweli. Maji yanayokwenda ndani ya bomba ni mzigo mzito wenye mwendo. Ukiyazibia njia ghafla, hujipiga kwenye koki, na pigo hilo hurudi nyuma katika bomba la chuma kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alilichunguza jambo hili kwa majaribio ya mabomba mjini Moscow, akatoa matokeo yake mwaka 1898. Maji yaendayo mwendo wa mita moja tu kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla, huweza kuzidisha msukumo kama wa maji yaliyojazwa katika mnara wa mita 100. Si ajabu basi viungo vikaanza kuvuja.

Kabla hujamwita fundi, sikiliza kwanza. Kishindo kimoja wakati wa kufunga ni pigo nililolieleza. Mtetemo unaoendelea maji yakiwa yanatoka, ambao hunyamaza ukizidisha kufungua, mara nyingi ni raba ya koki iliyolegea. Funga maji, badilisha raba, yamekwisha. Kukohoa na kutema baada ya mgao ni hewa iliyoingia mabomba yalipokuwa makavu. Hapo fungua koki polepole, uiache hewa itoke yenyewe. Wenye hita za maji moto watasikia pia kualika: bomba la shaba la mita 10 likipata joto la nyuzi 60 zaidi hurefuka karibu milimita 10, nalo hujikwaruza pale lilipobanwa na saruji.

Sisi tulimweka mtu mmoja sikio ukutani, mwingine akazunguka akifungua na kufunga koki moja moja, nyumba hadi nyumba. Mkosaji alikuwa koki mpya ya jikoni, ghorofa ya tatu, ya aina hii ya kipini kinachofunga kwa robo mzunguko. Zinapendeza, sikatai, lakini koki ya zamani ya kuzungusha ilikuwa na adabu: ilimlazimisha mtu kufunga taratibu. Tena bomba linaloshuka lilikuwa limepoteza vibano viwili, likawa linacheza na kuugonga ukuta.

Tiba haikuwa ghali. Vibano vipya vilifungwa, kila kimoja kikiwa na kipande cha mpira wa ndani wa tairi kati yake na bomba. Koki kuu ya nyumba ile ikapunguzwa kidogo, na watoto wakafundishwa kushusha kipini polepole. Baba wa zamu ndiye aliyeshika ngazi wakati fundi akipanda, na mama wa ghorofa ya tatu akaleta chai.

Kilichosalia ni mngurumo wa tangi la juu, ambako boya hurukaruka juu ya mawimbi maji yanapoingia, likifungua na kufunga bila kutulia. Fundi anarudi Jumamosi kulitazama.