Toleo 1.0 la Klasi 59, na bomba la moshi lililonitia adabu

Najua nimepotea kwa muda, na wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimeacha kompyuta kabisa. Sijaacha. Nilikuwa nimejifungia ndani na garimoshi. Naam, garimoshi! Leo sitagusa hifadhidata wala lugha za programu. Nataka kuwasimulia yaliyonipata Kilungu Jumamosi iliyopita, siku niliyozindua kazi yangu ya miezi minane mbele ya watu wanne, nikarudi Nairobi nikiwa nimenyamaza njia nzima.

Kwa wale wasiojua, Kilungu ni vilima vya Makueni, huko Nunguni na viunga vyake, mahali penye baridi na mashamba ya matuta. Ukishuka hadi tambarare unaikuta reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Ulu, Kima, Sultan Hamud, Emali, vyote ni vituo vyake. Kila mtoto wa Ukambani amesikia habari za Syokimau, yule nabii aliyetabiri nyoka mrefu atakayepita nchini akitema moto na moshi. Mimi nilipopata akili nyoka huyo alikuwa anatumia dizeli. Habari za mvuke nilizipata kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa fayamani kwenye injini za Klasi 59 katika miaka yake ya mwanzo kazini.

Klasi 59 ni nini? Zilikuwa injini 34, namba 5901 hadi 5934, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima ya kwetu: ya kwanza iliitwa Mount Kenya. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na urefu unaokaribia mita 32. Hakuna injini ya mvuke iliyojengwa kwa reli ya mita moja ikazishinda nguvu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, na kona zisizohesabika njiani.

Siri yake ni muundo unaoitwa Garratt, uliosajiliwa na Mwingereza Herbert William Garratt mwaka 1907. Chukua boila kubwa, liweke kwenye fremu yake peke yake, katikati. Mbele weka seti ya magurudumu yenye pistoni zake, nyuma weka seti nyingine. Boila linaning'inia kati yao kama machela. Kila seti inageuka peke yake, kwa hiyo injini ndefu inakata kona kama nyoka kweli. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, unaweza kulinenepesha upendavyo. Sisi watu wa programu tungesema ni chanzo kimoja kinacholisha mashine mbili, na kama kawaida tatizo liko kwenye viungo.

Basi mwaka jana nikaamua kuitengeneza kwa kipimo cha 1 kwa 87. Nilitumia FreeCAD, programu huria, na mchoro wa pembeni nilioupata katika kitabu cha zamani. Sehemu nilizichapa kwa printa ya 3D. Ikikamilika ina urefu wa sentimita 36 na ushee, magurudumu 28, na mota mbili ndogo, moja kila upande. Ukiona kipande kidogo kama punje ya mtama kinachapwa kwa saa nne halafu kinavunjika mkononi, utajua subira ni nini.

Nilipomaliza niliweka mafaili yote wazi ili anayetaka ayapakue, nikaiita toleo 1.0. Halafu nikawaalika wakusanyaji watatu waje waione. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa huku Kilungu anayehifadhi tiketi za zamani za reli, zile za kadi ngumu. Wa pili anatoka Emali, yeye hukusanya taa za reli. Wa tatu tunafanya naye kazi Nairobi, ana kabati zima la magari madogo ya chuma. Tulikutana nyumbani kwa mjomba kwa sababu ana meza ndefu kuliko zote ninazozijua. Mjomba mwenyewe alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kikombe cha chai. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu, kwa hiyo sikufikiri kwamba ana la kutazama. Nakiri hilo mapema, maana ndilo linaloniuma.

Haya, maoni ya kwanza.

Mwalimu alianza na rangi. Akasema ule wekundu wa damu ya mzee ndio wenyewe, na kwamba namba 5918 ubavuni ameiona kwa macho yake katika Makumbusho ya Reli Nairobi. (Huko ndiko Mount Gelai ilikohifadhiwa, pamoja na 5930, Mount Shengena.) Wa Emali aliinyanyua, akaipima mkononi, akasema ni nyepesi mno. "Chuma kinapaswa kuushtua mkono," akasema. Ni kweli, plastiki ni plastiki. Nimeahidi kuiongezea risasi ndani ya matangi.

Yule wa Nairobi ndiye aliyenitoa jasho. Alitoa rula, akapima nafasi kati ya magurudumu: milimita 12. Akapiga hesabu kwenye simu. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5. "Umekosea nusu milimita," akasema. Nilikuwa nimejiandaa. Reli ndogo zinazouzwa kwa kipimo hiki ni za milimita 12, na hizo zikikuzwa mara 87 zinakuwa milimita 1,044. Tena nikamwambia kwamba Klasi 59 zenyewe zilibuniwa ziweze kubadilishwa kwenda geji ya milimita 1,067 inayotumika kusini mwa Afrika, endapo siku moja reli zetu zingeunganishwa na za huko. Kwa hiyo magurudumu yangu yako katikati ya geji ilizopewa na geji ambayo haikuiona! Alicheka, akarudisha rula mfukoni. Nilijisikia bingwa.

Tukaiwasha. Ilienda vizuri kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona, seti ya nyuma ikaruka nje ya reli. Tukaijaribu tena, ikaruka tena. Waya zinazotoka katikati kwenda kwenye mota zilikuwa ngumu, zinaisukuma seti badala ya kuiacha igeuke.

Hapo mjomba akacheka kutoka dirishani. "Ni kwenye kiungo," akasema. "Hata sisi, mvuke ukipotea tulianza kuutafuta kwenye viungo. Ilete hapa."

Nikampelekea. Aliiweka mapajani, akaanza kuipapasa kutoka mbele: tangi, boila, chumba cha dereva, tangi la mafuta nyuma. Vidole vilikuwa vinakwenda polepole, na vilijua kinachofuata kabla ya kukifikia. Kisha vikarudi mbele, vikasimama kwenye bomba la moshi. Akalizungusha kidole mara mbili.

"Hii si ile niliyofanyia kazi."

Nikauliza kwa nini.

"Bomba hili ni la mviringo. Letu lilikuwa bapa. Jembamba ukilitazama kutoka mbele, refu ukilitazama kwa ubavu."

Wasomaji, nisikilizeni nilivyojibu. Nilimwambia, tena kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba mchoro wa kiwandani unaonyesha bomba la mviringo, na kwamba pengine anakumbuka injini nyingine. Mwalimu aliinamisha macho. Mjomba hakukasirika. Alinirudishia injini, akachukua chai yake, akauliza tu: "Huo mchoro ulifanya zamu ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikunja reli zangu mapema.

Usiku huohuo nilizifungua picha nilizopiga mwenyewe makumbusho. Nilikuwa nimezipiga karibu zote kwa ubavu, kwa sababu nilitaka magurudumu, na kwa ubavu bomba lile linaonekana kama bomba pana tu. Kulikuwa na moja tu ya kutoka mbele. Bomba ni jembamba! Nimeitazama picha hiyo mara ngapi katika miezi minane? Nilikuwa naangalia mchoro.

Maelezo yake ni haya. Katika injini ya mvuke, mvuke uliokwisha kufanya kazi hutolewa kupitia bomba la moshi, na ukipanda kwa kasi unavuta hewa ipite kwenye moto. Bila mvuto huo moto unalala. Katika miaka ya 1950 mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, alibuni njia bora zaidi: badala ya tundu moja, akapanga matundu madogo kwa mstari, na juu yake akaweka bomba bapa. Mvuto ukaongezeka, mafuta yakapungua. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa wateja wake, na picha za Klasi 59 za miaka ya baadaye zinalionyesha bomba hilo wazi.

Yaani mchoro wangu haukudanganya. Ulionyesha injini ilivyozaliwa mwaka 1955. Mjomba aliifahamu ilivyokuwa kazini miaka ya 1970, baada ya kufanyiwa marekebisho. Mimi nilikuwa na nyaraka za toleo la kwanza, yeye alikuwa na mfumo wenyewe ulivyokuwa unaendeshwa. Ni mara ngapi nimewacheka vijana ofisini kwa kuamini nyaraka kuliko mashine iliyo mbele yao? Na hapa sikuwa na mashine tu, nilikuwa na fayamani wake, amekaa dirishani, na wazo la kumwuliza chochote kwa miezi minane halikunijia.

Jumapili asubuhi kabla ya kuondoka nilimwomba radhi. Akasema radhi haina haja, lakini kama nataka kuirekebisha nikae nimalize. Nikakaa hadi saa tisa, muthokoi ukaliwa, nikaandika kurasa kumi na moja. Alinieleza namna ya kuusikiliza moto wa mafuta kwa sikio. Alinieleza walivyotupa mchanga ndani ya tanuri injini ikiwa inavuta kwa nguvu, ukapita kwenye mirija ya boila kusugua masizi, na moshi mweusi ukatoka kama usiku. Akaniuliza: "Ndoo ya mchanga umeiweka wapi?" Hakuna ndoo kwenye mchoro wowote nilioona.

Klasi 59 ziliondolewa kazini kati ya 1973 na 1980. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilikwisha kufungwa mwaka 1966. Michoro inatunzwa, chuma kiko makumbusho, lakini fayamani wa mwisho wa injini zile sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi, na kila mmoja wao ana kurasa zake kumi na moja.

Kwa hiyo toleo 1.1 liko tayari kupakuliwa. Mabadiliko: waya laini kwenye viungo (kona sasa inapita bila shida), risasi ndani ya matangi, bomba la moshi bapa, na ndoo moja ya mchanga katika chumba cha dereva, ya milimita tatu, isiyoonekana mpaka umulike kwa tochi. Mnaotaka injini ya 1955 toleo 1.0 bado lipo, nalo ni halali kwa mwaka wake.

Mwisho wa mwezi nampelekea mjomba aipapase. Na ninyi, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, bandari, posta au hata kwenye kinu cha kusaga, mpeni kikombe cha chai mumwulize kabla ya kufungua mchoro. Tukijaliwa tutaonana wiki ijayo, nirudi kwenye hifadhidata zangu.