Bei ya Kitunda Kimoja

Jumamosi moja jioni, katika ukumbi wa bweni, mwanafunzi wa mwaka wa pili alishindwa mchezo wa sataranji kabla chai yake haijapoa. Hakuwa mgeni wa mchezo huo. Palikuwa pakitafutwa mtu wa mwisho wa timu ya bweni, naye, mwenye kete nyeusi, alikuwa amekariri hatua zake kama mtoto akaririvyo majedwali ya hesabu.

Mambo yalianza vyema: e4 kwa e5, farasi f3 kwa farasi c6, askofu c4 kwa farasi f6. Ghafla farasi mweupe akaruka hadi g5, akashirikiana na askofu kuukodolea macho mraba wa f7, unaolindwa na mfalme peke yake. Kijana akasukuma kitunda d5, kikaliwa. Naye akalipiza kwa farasi. Kumbe huo ndio mtego! Farasi mweupe akajitoa mhanga f7, mfalme akamla, malkia akatokea f3 akiwatishia mfalme na farasi kwa mpigo mmoja. Ili kumnusuru farasi, mfalme alilazimika kutoka hadi e6, katikati ya uwanja wa vita. Mbinu hiyo huitwa Ini la Kukaanga, na Mwitaliano Giulio Cesare Polerio aliicheza zaidi ya miaka 400 iliyopita. Naam, tamaa mbele, mauti nyuma.

Wiki iliyofuata alirudi na dawa ya vitabuni: asikile kitunda cha d5, bali farasi wake aende a5 kumfukuza askofu. Akashindwa tena. Alijikuta amepungukiwa na kitunda kimoja, akahangaika kukifidia huku kete zake nyingine zikisinzia nyumbani.

“Umehesabu vitunda, ndugu yangu,” mpinzani wake akamwambia, “hukuhesabu hatua.”

Wakazipanga kete upya. Askofu mweupe alikwenda c4, akakimbilia b5, akarudi e2. Farasi alitoka f3 hadi g5. Kitunda cha h6 kikamrudisha f3, na kile cha e4 kikamsukuma hadi e5. Katika hatua 10, Mweupe alikuwa amesogeza farasi mmoja, askofu mmoja na kitunda kimoja tu, tena kitunda hicho kilikuwa kimeshaliwa. Mweusi hakuibiwa chochote. Alitoa kitunda akanunua wakati. Atakayeukalia wakati huo bila kuutumia atakuwa amelipa bure.

Mchezo wa tatu uliisha kwa sare. Nafasi katika timu ilikuwa imekwisha kwenda kwa mwingine, na kijana hakulalamika. Usiku ule alilifungua daftari lake la arudhi, ambamo vina na mizani za bahari zote alizijua kwa moyo, akaanza kujiuliza, kwa mara ya kwanza, kila kipande kilikuwa kinafanya kazi gani.